Nuru Mbili za Ziwa Letu

Mgeni anayelala Rusinga au Usenge, kando ya Ziwa Victoria, usiku wa giza, akitazama ziwani, hudhani ameona mji ng'ambo ya maji. Taa zimetanda hadi upeo wa macho, nyingine zinayumba, nyingine zimetulia. Huko hakuna mji. Ni wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, waliosukuma mitumbwi jua likizama, na hawatarudi nchi kavu hadi alfajiri.

Mahubiri kuhusu nuru nimeyasikia tangu utotoni: kanisani, matangani, hata sokoni Kibuye kwa vipaza sauti. Takriban yote yalichukulia kwamba nuru ni kitu chema, basi, na kazi ya msikilizaji ni kuifuata. Nimeishi ufuoni muda wa kutosha kulitilia shaka hilo. Watu wa ziwa wanajua jambo ambalo mtu wa bara hana sababu ya kulijua: kwamba mwanga unaweza kuwa chambo. Nataka kuyasoma Maandiko nikiwa na ujuzi huo mkononi, kwa sababu naamini yenyewe yaliandikwa na watu waliolifahamu jambo hilo vizuri.

Kazi ya omena huenda hivi. Mtumbwi huondoka na taa kadhaa. Kila taa hufungwa juu ya boya la mbao, ikaachwa ielee mbali kidogo na nyingine, kisha watu hungoja. Vidudu vya majini hupanda juu kufuata mwanga, omena nao hupanda, wakaizunguka taa kwa maelfu. Saa zikipita, taa huvutwa polepole kuelekea mtumbwini, omena nyuma yake. Wavu wenye matundu madogo huzungushwa, ukainuliwa. Mwezi mpevu ukiwa angani kazi huharibika, maana anga lote limeng'aa na taa imepoteza nguvu yake. Siku hizo mitumbwi mingi hulala ufuoni na wanaume hushona nyavu. Taa ya mvuvi hupata nguvu penye giza tu.

Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye kupigwa pampu na kuvuma usiku kucha, na gharama ya mafuta ilikula sehemu nono ya pato la mvuvi. Mwaka 2008 kampuni ya Kijerumani ya Osram ilifungua kituo Mbita, mradi ukaitwa Umeme kwa Wote, ambapo mvuvi alikodi taa ya betri iliyochajiwa kwa jua na kuirudisha asubuhi. Leo taa za betri zimeenea bichi nyingi. Mwanga wake ni mweupe zaidi, moshi hakuna. Kinachompata omena ni kilekile.

Mzee mmoja nilimkuta bichi ya Dunga akikagua wavu wake asubuhi. Nilimsalimu, "Oyawore, jaduong'." Akaitika, "Oyawore, nyathina," bila kuinua macho. Nikamuuliza kwa nini omena hawaukimbii wavu. "Hawauoni," akasema. "Samaki haji kwa wavu. Anakuja kwa taa. Akianza kuuona wavu, tayari uko chini yake."

Mtume Paulo angemwelewa mzee yule. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 11, mstari wa 14, anawaonya waumini kwamba Shetani mwenyewe hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Hakuwaambia wajihadhari na giza. Giza kila mtu hulijua. Aliwaambia wajihadhari na mwanga usio wake yule wanayemtafuta. Mstari huo sisi huuruka upesi. Tunapenda Yohana 1:5, giza lisiloiweza nuru, na tunayo haki ya kuupenda. Lakini mwenye kushika mmoja na kuacha mwingine hana ulinzi usiku.

Nchi hii imelipa gharama ya kuuruka mstari huo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa, za watoto zikiwa nyingi. Ni watu waliotoka pembe mbalimbali za Kenya, wengi wao wakafunga hadi kufa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Habari ile ilipotufikia Kisumu niliwasikia watu wakisema walikuwa wajinga, na maneno hayo yaliniuma, yananiuma bado. Walikuwa watu wenye kiu ya nuru. Waliacha kazi, wakaacha ndugu, wakaifuata. Omena anayebaki kilindini haingii wavuni. Anayeingia ni yule aliyepanda juu.

Basi nuru ya kweli itajulikanaje? Nimelichukua swali hilo kwenye Biblia mara nyingi, na kila mara nimerudishwa kwenye miguu.

Zaburi ya 119, mstari wa 105, inaitaja taa na papo hapo inaitaja miguu, kisha njia. Taa za wakati ule zilikuwa vyombo vidogo vya udongo, vya kuenea kiganjani, vyenye mafuta ya zeituni na utambi wa kitani. Mwanga wake ulitosha hatua moja, labda mbili. Mwenye kukumulikia miguu anataka utembee mwenyewe: ulione jiwe, ulione shimo, uchague pa kukanyaga. Taa ya mvuvi haimwonyeshi omena njia yoyote. Inamtoa kilindini na kumzungusha mahali pamoja. Hapo ndipo tofauti ilipo, na nimeiona ikirudi ukurasa baada ya ukurasa. Nabii Isaya, sura ya 9, anasema juu ya watu waliokuwa wakienda katika giza. Yesu katika Yohana 8:12 anajiita nuru ya ulimwengu, na pumzi hiyohiyo anazungumzia mtu anayemfuata na jinsi atakavyokwenda. Waefeso 5:8 inawaita waumini nuru, kisha inawaagiza waenende. Nuru ya Maandiko mara nyingi ina mtu anayesogea. Ukiona mwanga ambao watu wake hawaendi popote, wanauzunguka tu na kuutazama, na kila Jumapili wanasogezwa karibu kidogo na mtumbwi wa mwenye taa, umeshaona unachohitaji kuona.

Udogo wa taa zile unanigusa kwa sababu nyingine. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita dani, alikuwa na koroboi moja nyumbani, ya kopo la bati. Utambi wake aliukata kutoka blanketi lililochakaa. Mwanga ule ulikuwa mdogo kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuutumia peke yake. Mwenye kusoma, mwenye kuchambua mboga za osuga, mwenye kushona kifungo, wote walisogea hadi magoti yakagusana. Tulionana nyuso. Siku mtoto alipokuwa na homa dani aliiona homa ile kabla mtoto hajasema, kwa sababu uso wake ulikuwa karibu. Siku hizi kila chumba kina balbu yake na kila kiganja kina simu yake, na ninashukuru kwa umeme. Moshi wa koroboi uliwaumiza wengi macho na vifua. Hata hivyo nikisoma 1 Samweli 3:3, jinsi taa ya Mungu ilivyokuwa bado haijazimika ilhali macho ya mzee Eli yameanza kupofuka na mtoto Samweli amelala karibu, naijua nyumba hiyo. Naijua harufu yake.

Blanketi lile nalo lina mwenzake katika historia. Mishna, mkusanyiko wa kale wa mapokeo ya Kiyahudi, inaeleza Sikukuu ya Vibanda ilivyoadhimishwa Yerusalemu hekalu lilipokuwa bado limesimama. Katika ua wa wanawake vinara virefu vya dhahabu viliwashwa, makuhani vijana wakipanda ngazi na mitungi ya mafuta, na hapakuwa na ua mjini humo usiofikiwa na mwanga ule. Tambi zilichanwa kutoka suruali na mishipi ya makuhani iliyochakaa. Ni baada tu ya habari za sikukuu hiyo ndipo Yohana anaweka tangazo la Yesu kuhusu nuru ya ulimwengu, na mstari wa 20 wa sura hiyo ya 8 unasema aliyanena hayo penye hazina, hapohapo hekaluni. Sherehe kubwa kuliko zote za mwanga katika mji ule iliwaka kwa nguo kuukuu za kazi. Hilo linanifariji mimi na kila mtu anayejiona amechakaa katika utumishi: mama mzee wa kwaya ambaye sauti imemwisha, katekista aliyetembea Seme yote kwa miguu na sasa magoti yanamsumbua. Wapo waliowekwa kando na kanisa kwa sababu hawapendezi tena mbele ya watu. Hekalu lilijua la kufanya na kitambaa kilichochakaa.

Nije kwenye pishi. Mathayo 5:15 inataja taa inayofunikwa kwa pishi, na wahubiri wengi huitia pishi maana ya woga: usiogope kushuhudia. Maana hiyo ipo. Mimi naitazama pishi yenyewe. Ni kipimo cha nafaka, chombo cha soko. Kwetu kazi yake hufanywa na gorogoro, lile kopo la kilo mbili linalopima mahindi, maharagwe na omena kutoka Busia hadi Migori. Na kila mama anayenunua kwa gorogoro anajua kwamba kuna makopo yaliyogongwa kitako kikaingia ndani, ili kopo lionekane limejaa wakati limepungua viganja viwili. Mwenye kopo hilo huenda ndiye anayeongoza sala za asubuhi sokoni. Taa yake inawaka, haijazimika. Amekaa nayo chini ya kopo. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naipenda Kisumu na nayapenda masoko yake. Nuru yetu wengi wetu haizimwi na mateso. Inafunikwa na kipimo tunachotumia kumpimia jirani, iwe kopo, iwe mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani, iwe kodi ya chumba cha mabati Nyalenda kinachojaa maji kila masika.

Mathayo, katika sura ya 4, anasema Yesu alihamia Kapernaumu, mji wa kando ya ziwa, na hapo anautaja utabiri wa Isaya kuhusu watu walioketi gizani na kuona nuru kuu. Yaani nuru ile ilianzia kazi yake kwenye bichi, miongoni mwa watu wanaokesha majini. Ziwa la Galilaya ni dogo. Letu, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, linalizidi zaidi ya mara mia nne. Lile liko chini ya usawa wa bahari, letu liko juu ya usawa huo kwa mita zipatazo 1,134. Lakini usiku wa mvuvi ni uleule. Petro alipomwambia Bwana, katika Luka 5:5, kwamba wamefanya kazi usiku kucha na hawakupata kitu, alikuwa akisema maneno ambayo nimeyasikia Dunga, Usoma na Ogal, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, kutoka kwa watu waliokuwa na deni la mafuta ya injini na ada ya shule.

Mvuvi huyo ndiye aliyepewa, kuliko mtu mwingine yeyote katika Injili, kuona nuru mbili kwa macho yake. Yohana anaandika kwa uangalifu sana. Yuda anapoondoka mezani (13:30), mwandishi anaeleza kwamba ulikuwa usiku. Wanaokuja kumkamata Yesu (18:3) wanakuja na taa na mienge na silaha. Walikuwa na mwanga mwingi kuliko wanafunzi wote kumi na mmoja. Kisha uani kwa kuhani mkuu kuna moto wa makaa (18:18). Kuna baridi, Petro anasogea aote. Moto ule unamvuta, unammulika uso, mtu anamtambua, na kabla jogoo hajawika Petro amemkana rafiki yake mara tatu. Alikwenda kutafuta joto, akanaswa.

Sura ya 21 kuna moto wa makaa tena. Usiku mzima hawakupata kitu. Kunapambazuka, mtu amesimama ufuoni, na wanaposhuka wanakuta makaa yanawaka, samaki juu yake, na mkate. Kwetu mapambazuko huja upesi. Mji wetu uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua likichomoza nyuma ya milima ya Nandi halichelewi, dakika chache tu na kila mtumbwi unaonekana. Nimekuwa nikiifikiria asubuhi ile kwa mwanga huo wa kwetu. Petro amelowa, hana la kusema. Moto huu nao umemvuta. Hapa ndipo namwomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu ndipo jibu lilipo. Aliyeuwasha moto wa pili hakumvua Petro. Alimlisha kwanza. Akamuuliza mara tatu juu ya upendo, akamgusa palepale penye kidonda, kisha akamwinua na kumtuma akawalishe wengine. Makaa ni yaleyale na mtu ni yuleyule. Petro alipoukaribia moto wa kwanza alitoka akiwa amepungua. Alipoukaribia wa pili alitoka ana kazi ya kufanya na watu wa kuwatunza.

Tangu nilipoiona tofauti hiyo nimeacha kuuliza taa ni kubwa kiasi gani au imewavuta wangapi. Nauliza waliokwisha kuisogelea wako wapi sasa, na wanakula nini.

Swali hilo likiulizwa kwenye bichi zetu wenyewe, halituachi salama. Kila mtu wa ufuoni anaijua jaboya, biashara ile ambapo mwanamke hapati samaki wa kuuza mpaka amkubalie mvuvi mwili wake. Hufanyika wakati mitumbwi inapofika, kungali giza au kunapambazuka. Kaunti za ufuo huu, Homa Bay, Siaya, Kisumu na Migori, kwa miaka mingi zimekuwa juu kabisa nchini kwa maambukizi ya virusi vya Ukimwi, na jaboya ni sehemu ya habari hiyo. Wanawake hao wanakwenda kanisani. Wavuvi hao pia baadhi yao wanakwenda. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 2, hautoi nafasi ya kukwepa: anayesema yumo nuruni huku akimchukia ndugu yake, bado yumo gizani. Kumnyima mjane samaki mpaka ajiuze ni chuki, hata ikifanywa kwa tabasamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, huko Nduru, Nyakach, kundi la wanawake liliamua kulisema jambo hilo mchana. Wakapata msaada wa kununua mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wanaume wavue, na samaki wakawa wao. Wakaunda kikundi chenye jina linalotamka waziwazi kwamba samaki hawanunuliwi kwa ngono. Hawakuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Walisema majina ya mambo, kama Waefeso 5:11 inavyoagiza matendo ya giza yakemewe, wakajitengenezea njia ya kutembea. Kisha mwaka 2020 ziwa likafurika. Mwezi wa Mei maji yalifika kimo kilichoipita hata rekodi ya mwaka 1964, na Nduru ikawa miongoni mwa vijiji vilivyomezwa. Watu wakahama, nyumba zikabaki ndani ya maji, na jitihada za miaka zikarudi nyuma sana.

Kitabu cha Ufunuo, katika sura zake mbili za mwisho, kinauona mji usiohitaji taa wala jua, ambao usiku haupo tena. Natumaini kuufikia. Huku bado tuna usiku, na tuna wanawake wanaongoja mitumbwi ufuoni saa kumi na moja alfajiri wakiwa na beseni tupu. Makanisa ya pwani hii ya ziwa yanachanga fedha kila mwaka kwa ajili ya mikutano mikubwa, na mimi nimechanga pia, na taa za jukwaani huonekana kutoka mbali. Wazee wa kanisa, wachungaji, mapadri, akina mama wa vyama vya kanisa: kabla ya mchango ujao, nendeni bichi iliyo karibu nanyi mitumbwi ikifika. Simameni pale, mtazame nani anapata samaki na kwa bei gani. Kisha mkae, mhesabu fedha za jukwaa, na mnunue kwanza mtumbwi mmoja, muukabidhi kwa wajane wa parokia yenu.